Mstari Mmoja, Watoto Wawili

Siku ile nilikalia glasieri. Naanza hapo kwa sababu watu wa Kolwezi wameshaitia chumvi habari yangu. Wengine wanasema nilimpiga daktari, wengine wanasema nilivua kikwembe nikabaki uchi mbele ya wazungu. Kwanza, hakukuwa na mzungu hata mmoja. Pili, sikumpiga mtu. Nilikaa tu, kwa makalio yangu mawili, juu ya glasieri, lile sanduku la buluu la kubebea damu kwenye barafu, nikawapakata mapasa wangu, watoto pacha, mmoja kila paja, nikasema leo hakuna damu inayotoka hapa.

Ilikuwa asubuhi, ile baridi ya mwezi wa sita inayofanya vumbi la malori lisimame chini chini kama moshi. Nje gari la utafiti lilikuwa linanguruma, linasubiri sanduku hilo liwahi ndege. Mama Ngoie, muuguzi wa kituo chetu cha afya, alisimama mbele yangu na mpira wa kufunga mkono na vichupa sita vitupu.

"Mama Mapasa, leta mukono. Gari inachelewa."

"Mukono iko. Mbele munipe jibu ya batoto yangu."

"Nilishakuambia, tunangoya Lubumbashi."

"Munangoya tangu wakati ya kumbikumbi. Sasa ni baridi. Mi nimechoka."

"Toka pale, mama. Ile haiko kiti."

"Na mi siko kisima!"

Wamama waliokuwa kwenye benchi waligeuka kunitazama. Sauti yangu ilikuwa imetoka kubwa kuliko nilivyotaka, na Kabange, binti yangu, akaanza kulia. Sikusimama.

Nitaeleza nilifikaje pale. Ninamwandikia mama mwenye mimba ambaye leo ameketi kwenye benchi lile, ameshika karatasi yake na kuikunja mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. Mimi niliikunja hivyo hivyo.

Niliambiwa nikiwa na mimba ya miezi minne. Nilikuwa nimekonda kila mahali isipokuwa tumboni. Mdomoni nilikuwa na utando mweupe, hata bukari, ugali wetu, ikiwa ya vuguvugu ilikuwa inaniunguza. Nywele zilibaki kwenye kitana. Mama mkwe, kwa simu kutoka Manono, alisema ni mapasa, wananila mwili kutoka ndani. Kuhusu mapasa alisema kweli.

Mama Ngoie hakunihubiria. Alinifungulia chupa ya maji, akaketi kando yangu badala ya ng'ambo ya meza, akasema: "Mama, uko na kirusi. Na dawa iko. Leo utalia, kesho utameza." Nililia siku ile, na kesho yake nikameza. Mpaka leo, nikimkasirikia Mama Ngoie, na nimemkasirikia sana, huwa nakumbuka ile chupa ya maji.

Wiki za kwanza dawa ilinipa ndoto za ajabu, nilikuwa natapika asubuhi na kuyumba nikisimama. Halafu njaa ikaja. Njaa ya kweli, ya sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu. Kikwembe kilichokuwa kinanizunguka mara mbili kikaanza kufika pembeni na kukataa kuendelea. Niliangalia makalio yangu yanarudi, nikamshukuru Mungu kwa sauti, chooni.

Mume wangu anachimba kobalti kule Mutoshi. Nilipomwambia, alivaa buti zake akaenda shimoni, siku ya Jumapili, na akakaa huko wiki tatu. Nilijua nimeachwa. Lakini alirudi, akiwa mwekundu wa udongo mpaka kope, akatoa mfukoni chupa ya vidonge na kuiweka mezani kando ya yangu. Alikuwa ameshakwenda kupimwa peke yake. "Basi," akasema, "tutakuwa tunakunywa pamoja." Nani alimletea mwenzake, ugomvi huo hatujaumaliza. Umekaa pale kama pikipiki iliyokufa uani, kila mtu anaizunguka na kupita.

Ni wakati huo ndipo watu wa utafiti walipokuja. Walitaka wanawake kama mimi. Mama Ngoie alinieleza habari ya askari wa mwilini hivi: "Banataka kuona basoda ba mu damu yako. Nani anapigana, nani analala, nani anakimbia." Kila miezi mitatu ningetoa vichupa sita. Nilikubali, na sikulazimishwa. Nilisoma mpaka mwaka wa mwisho wa sekondari, najua maana ya utafiti. Nilifurahi kwamba ugonjwa ulionitia aibu ungeweza kumfaa mtu mwingine. Daktari wa utafiti, kijana kutoka Kinshasa mwenye Kiswahili cha kubahatisha, alinionyesha kwenye kompyuta mstari unaopanda. "Madamu, basoda yako inapanda!" Alikuwa na furaha kama vile mstari ule ni wa mtoto wake. Nikacheka naye. Damu yangu ilikuwa inapanda ndege kwenda nchi ambazo mimi sitafika.

Mapasa walizaliwa mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua. Kwetu Waluba mapasa hawachaguliwi majina. Anayetoka wa kwanza ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, yameisha. Kyungu ni mvulana, alitoka mnene na akalia mara moja. Kabange ni msichana, alitoka mdogo, kikohozi chake kikatangulia kilio. Wote walipewa dawa ya maji ya kuwakinga tangu siku ile.

Sasa lazima nimseme mama mkwe wangu. Alitoka Manono kuja kuwalea wajukuu wake, na alikuja na sheria zote za mapasa kichwani. Ukimsalimu mmoja, umsalimu na wa pili. Ukinunua kofia, ununue mbili, rangi moja. Ukimwosha Kyungu, maji yasipoe kabla ya Kabange. Mapasa hawatengwi, maana anayetengwa hukasirika na kurudi alikotoka. Nilikuwa nacheka, lakini nilikuwa nafuata. Nani atacheza na jambo kama hilo, akiwa na ugonjwa nyumbani?

Walipofikisha wiki sita, mvua za kwanza zilikuwa zimetoa kumbikumbi, tukaenda mimi na mama mkwe na watoto kuwapima. Damu ya mtoto mchanga inadondoshwa kwenye kikaratasi, inakauka, inakwenda Lubumbashi kwa barabara. Mama Ngoie alifungua daftari.

"Kyungu, namba yake..."

"Wee!" Mama mkwe akamshika mkono. "Unabaandika mbali-mbali? We hauko mutoto wa Kiluba? Mapasa banabaandikaka pamoja."

Mama Ngoie akacheka. Yeye ni wa kwetu. Akanitazama mimi.

Nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ninaandika hili kwa sababu nimeapa kuandika yote. Nilitikisa kichwa. Akawaandika wote wawili kwenye mstari mmoja, namba moja, na ile namba akainakili kwenye vikaratasi vyote viwili. Tulitoka tumefurahi, mama mkwe akiimba njia nzima.

Jibu lilifika wakati wa uyoga, katikati ya mvua. Karatasi moja. *Hakuna kirusi.* Mama Ngoie alinikumbatia.

"Na ya pili?" nikauliza.

"Ya pili ya nini? Ni mapasa, mama. Ya mumoja ni ya bote."

Nilifika nyumbani, nikawaweka kitandani, nikawatazama. Kirusi hakijui mila. Nilirudi mbio siku ile ile, kikwembe kimelowa mvua, nikamuuliza: ile damu waliyopima ni ya nani? Mama Ngoie aliangalia daftari, akaangalia karatasi, na nikaona uso wake unabadilika. Akapiga simu mbele yangu. Kule maabara waliona vikaratasi viwili vyenye namba moja, wakadhani ni mtoto mmoja aliyepimwa mara mbili. Walipima kimoja. Cha pili walikitupa. Ni kipi walikipima, hakuna aliyejua.

Mmoja wangu alikuwa mzima kwa hakika. Nani?

Nimeulizwa na watu jambo gani lilikuwa gumu zaidi, kuambiwa nina kirusi au kuzaa. Hakuna hata moja kati ya hayo. Kilichonishinda ni ule msimu wa mvua, kunyonyesha watoto wawili nikijua mmoja ameponea na nisijue ni yupi. Nilikuwa nawageuza kama samaki sokoni, kucha, ulimi, nyuma ya masikio. Kabange alikuwa anakohoa. Moyoni nilishaamua mgonjwa ni yeye. Nilianza kumpa ziwa la kwanza, kumfunika kwanza, kumwombea mara mbili. Kyungu nilimwacha anenepe. Mama mkwe aliona. "Unatenga mutoto," akaniambia. Nikamjibu vibaya, nikamwambia kama si mdomo wake tungekuwa na karatasi mbili. Siku nne alitwanga na kufua akinipa mgongo.

Kila nilipokwenda kituoni nilisubiri kwenye benchi lile lile, chini ya saa ya ukutani isiyotembea. Jibu lilikuwa lile lile. Kwenye kompyuta ya Lubumbashi nina mtoto mmoja, na huyo mmoja ameshapimwa. Atapimwa tena akiachishwa ziwa. Wameandika barua. Wanangoja. Na kila miezi mitatu, leta mkono, mama. Vichupa sita vyangu vilikuwa na sanduku la barafu, gari na ndege. Tone la mwanangu halikupata hata namba yake mwenyewe.

Kwa hiyo nilikaa pale juu ya sanduku.

Daktari alitoka ofisini. "Madamu, tafadhali. Ile inaenda na avio, ndege haingoyi. Barafu itaisha."

"Acha iishe."

"Ni utafiti ya maana sana, Madamu."

"Dokta, unajua basoda ba damu yangu bote. Unajua anayelala na anayepigana. Haya, niambie kati ya hawa babili nani iko mugonjwa."

Akatazama mapasa. Akatazama Mama Ngoie. Kumbe hakuwa amewahi kuambiwa. Yeye alikuwa anashughulika na vichupa vyangu tu.

Hapo mama mmoja mzee kwenye benchi, mwembamba, anayetoka upande wa Kingamyambo, akaanza kupiga makofi taratibu. Kwetu mama wa mapasa ana ruhusa ambayo mwingine hana. Akiimba kwa ajili ya mapasa wake anaweza kumtukana yeyote, hata chifu, na aliyetukanwa hana haki ya kukasirika. Mama yule alikuwa amezaa mapasa zamani, na ruhusa hiyo haizeeki. Akatunga palepale:

"Tumbo moja, batu babili! Ee, dokta hajui kuhesabu!"

Benchi zima likaitikia. "Hajui kuhesabu!"

"Alisoma Kinshasa, alisoma Ulaya! Mbili kwake ni moja!"

"Hajui kuhesabu!"

Ubeti wa tatu ulihusu vilivyomo ndani ya suruali ya daktari na namna navyo pengine anavihesabu kuwa kimoja. Siwezi kuuandika wote. Mama Ngoie aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka, sikujua analia au anacheka. Daktari alimuuliza wanaimba nini. Alipotafsiriwa aliona aibu, halafu akacheka mwenyewe, akavuta kiti akaketi mbele yangu, magoti yake karibu na yangu.

"Nieleze polepole," akasema. "Tangu mwanzo."

Nilimweleza. Hakunikatiza. Gari lilizimwa injini. Alichukua daftari, akachora mistari miwili mipya kwa rula, akaandika namba mbili tofauti, akawatoboa watoto kisigino yeye mwenyewe, Kyungu kwanza, halafu Kabange. Vikaratasi havikupita barabarani. Viliwekwa ndani ya sanduku, pamoja na damu yangu, maana baada ya hapo nilinyanyuka nikampa mkono wangu. Sikuwa nimegombana na utafiti.

Siku kumi na moja baadaye waliniita. Karatasi mbili. Mama mkwe alikataa kubaki nyumbani.

Kabange, mkohozi wangu, hana kitu. Alikuwa na mafua ya vumbi tu, kama nusu ya watoto wa Kolwezi. Mwenye kirusi ni Kyungu. Mnene wangu, niliyemwacha anenepe peke yake.

Sitasema nililia kiasi gani. Nasema tu kwamba aliyenishika nisianguke ni mama mkwe. Alinishika kiunoni kama anavyoshika gunia la mahindi, akamuuliza Mama Ngoie: "Dawa inaanza lini?"

"Leo, mama."

"Basi lete."

Njiani, nilipoanza kuomba msamaha kwa lile neno nililomwambia wakati wa mvua, alinikatiza. "Ulisema kweli. Mi njo nilishika mukono ya munganga. Lakini we ulitikisa kichwa." Tukatembea. Baadaye akaongeza: "Tulikosa wote babili. Sasa tubebe wote babili."

Sasa mvua zimerudi. Kyungu anameza dawa yake asubuhi na jioni, iliyoyeyushwa kwenye kijiko, na damu yake ya mwisho ilikuwa nzuri, kirusi kimelala. Anatembea, anavunja vitu. Na kwa sababu mapasa hawatengwi, mama mkwe ana vijiko viwili vya aina moja. Kyungu anapewa dawa, na papo hapo Kabange anapewa maji yenye sukari kidogo. Wote wanakunja uso, maana Kabange anamwiga kaka yake. Kila siku naitazama mila ile ile iliyonipotezea miezi saba inamfanya mwanangu asijione mgonjwa peke yake. Nashukuru. Namshukuru mama mkwe, benchi lile, mama mwembamba wa Kingamyambo ambaye hatukumwona tena msimu huu, mume wangu anayeweka saa yake ilie wakati wa dawa hata akiwa shimoni. Nashukuru hata kwa daktari, ambaye ndiye aliyeniambia: "Andika, Madamu. Mimi nikisema, ni maneno. Wewe ukiandika, watalazimika kujibu."

Kwa mama mwenzangu nina jambo moja. Macho hayapimi damu. Mtoto mnene apimwe, mtoto mwenye kikohozi apimwe, na usiondoke bila karatasi yenye jina lake peke yake.

Niliiandikia kamati inayosimamia utafiti barua mbili, karibu neno kwa neno sawa. Karani wa kamati alizisoma, akasema: "Mama, si ni barua moja tu hii? Nitapiga muhuri moja." Nikamwambia hapana, mihuri miwili, namba mbili. Mama Ngoie alikuwa amenisindikiza, ingawa barua zilikuwa zinamhusu. Akamwambia: "Tata, umusikie. Anajua kukaa." Karani akapiga mihuri miwili. Ya kwanza ilisema hivi:

*Kwa Mwenyekiti wa Kamati,*

*Mimi ni mama anayeshiriki katika utafiti wenu wa namna mwili unavyopigana na kirusi. Naleta malalamiko.*

*Mwanangu Kyungu alitolewa damu akiwa na wiki sita. Aliandikwa kwenye mstari mmoja na pacha wake, kwa namba moja. Nilikubali waandikwe hivyo, na hilo ni kosa langu. Lakini maabara ilipoona karatasi mbili haikuuliza, ilitupa moja. Tangu nilipouliza hadi alipopimwa tena ilipita misimu miwili. Katika muda huo mlichukua damu yangu bila kuchelewa hata siku moja. Mwanangu alikaa na kirusi bila dawa, na dawa ilikuwa kabatini, mita kumi kutoka kwenye benchi nililokalia.*

*Naomba mambo matatu. Kila mtoto awe na mstari wake na namba yake, hata familia ikisema vingine. Mama asidaiwe damu ya utafiti kabla hajapewa jibu la mtoto wake. Na kwenye kompyuta yenu, palipoandikwa kwamba nina mtoto mmoja, paandikwe wawili.*

*Siombi mtu yeyote afukuzwe. Muuguzi aliyeandika mstari ule ndiye aliyeniokoa mimi kwanza. Sijitoi katika utafiti. Zamu yangu ijayo nitakuja, na mkono nitauleta.*

*Nangoja jibu kwa maandishi. Barua hii ni ya Kyungu. Ya Kabange iko kwenye karatasi yake, na nayo ijibiwe peke yake.*

*Mama wa Kyungu*